Kishale Kimehama Tena

Nilikuwa nimeandika: Kikao kilifunguliwa saa moja na dakika kumi,
kwenye ngazi za chini, kwa kuwa lifti
na hapo hapo "lifti" ikaruka mistari sita
ikaenda kukaa ndani ya jina la marehemu Hadzhiev,
aliyetutoka mwezi Machi na bado anadaiwa ada ya usafi.

Hadzhilifti.
Nikacheka peke yangu jikoni, nikafuta, nikaanza upya.

Asiyekuwapo na lake halipo, husema watu.
Mimi sikuwapo, nilikuwa kwenye foleni ya mkate,
na langu lilikuwapo: ukatibu wa mlango B,
kaya ishirini na nane, mtaa wa Trakia, Plovdiv,
mwaka wa kumi na moja huu.

Kwanza nililaumu kiganja changu,
kizito, cha kiwanda cha biskuti.
Nikakiinua. Nikachapa mikono ikielea
kama mtu anayepapasa jiko asilojua kama limewashwa.
Kishale kikahama.

Nikaingia kwenye mipangilio. Unyeti: juu, wastani, chini.
Nikaushusha hadi mwisho, nikitamani
kuwe na kijiti kama hicho kwa Radka wa orofa ya nne,
anayesikia bomba langu likidondoka saa sita usiku.
Kishale kikahama.

Nikakizima kibao chenyewe, nikachomeka kipanya cha mjukuu.
Siku mbili za amani. Siku ya tatu mashine ikajizima, ikajiwasha,
na kibao kikaamka nayo, kimesahau amri yangu.
Nikakata boksi la chai, nikakifunika kwa kadibodi na utepe.
Kadibodi haikutulia. Ilikaa tenge
kama meza yenye mguu mfupi,
nami nikailaumu kadibodi.

Asparuh hutengeneza simu kwenye stoo, karibu na mita za umeme.
Hakuitazama skrini hata kidogo. Aliifunga mashine,
akaiweka mezani, akaisukuma kwa kidole kimoja.
Ikazunguka kama sufuria iliyovimba kitako.
"Mama Zdravka," akasema, "hakuna anayekigusa kutoka juu.
Kinasukumwa kutoka chini."

Bisibisi, skrubu kumi, moja ikadondokea kwenye slipa yangu.
Ndani, betri ilikuwa imeumuka.
Nilikijua kivimbe kile: donge lililosahauliwa karibu na joto,
linajaza bakuli, linanyanyua kitambaa,
kimya, usiku kucha, bila kumwomba mtu ruhusa.
Nikanyoosha kidole. "Usiibonyeze!"
Akaitoa kama abebaye mtoto aliyelala,
akaizika kwenye kopo la mchanga, nje, barazani.

Wiki tatu nimekitesa kiganja changu bure.

Sasa mashine inaishi kwa waya, haiwezi kutoka jikoni,
kama mimi miaka fulani.
Kishale kinakonyeza pale pale nilipokiacha, kinangoja neno.
Nimemaliza muhtasari, nimeubandika mlangoni.
Lifti iko mahali pake, yaani orofa ya tatu, imekwama.
Hadzhiev amerudishiwa jina lake zima.
Deni lake halionekani popote.
Radka akiuliza, ni kishale.