Vidole Ukingoni mwa Shuka

Wete, juu ya duka la viatu la Asaa,
chumba kimoja, feni moja, kompyuta ya mkopo.
Dirisha nimeliziba kwa boksi la friji
jua lisije likanidanganya rangi.

Mbele yangu Bi Mkasi Faki,
pikseli milioni ishirini na nne,
anashona kofia.
Sindano imesimama hewani, haitashuka tena.

Naanza na weupe.
Kitambaa kimeungua kwa mwanga wa mlango;
naupunguza taratibu, kama mtu atoaye kuni chunguni
wali usishike ukoko.
Vitundu vinarudi:
hapa kumi, hapa mia, hapa safu nzima
niliyodhani kamera imeila.
Yeye alivihesabu kwa ncha ya kidole, miezi minne.
Mimi nimevipata kwa kuburura kitufe.
Ikanishika haya kidogo.

Kisha waya wa umeme, juu ya kichwa chake,
kama mstari wa mwalimu aliyekataa jibu.
Naufuta. Nachota ukuta, nabandika juu ya ukuta,
chokaa kwa chokaa, hata ufa naufuatisha.
Safi.
Lakini nyumba ile haina umeme.
Waya ulikuwa unapita tu, ukienda kwa wengine.
Narudi nyuma hatua moja,
waya nao unarudi, umenyooka, hauna haya.

Kushoto ni kiza.
Mkufunzi wetu wa Mjini alipenda kiza kizito:
"Picha isiyo na siri," akisema, "ni kitambulisho."
Nilitaka kukizidisha. Sijui kwa nini nikakifungua.
Kiza kikatoa chenga kama mchele wa mwisho wa gunia,
zambarau, kijani, takataka,
na ndani ya chenga, ukingo wa shuka,
na juu ya ukingo, vidole vinne.

Mama.
Nilimwambia, shika hapa, lirudishe mwanga usoni kwa Bi Mkasi.
Akashika. Goti lake lile.
Mara tatu aliuliza, "Imekwisha?"
Mara tatu nikajibu, "Bado kidogo,"
bila kugeuza shingo.
Ule mwanga wa shavuni, niliojisifia kwa watu,
ulipita kwake kwanza.

Umeme ukakatika.
Sijahifadhi kitu.

Nikakaa na feni iliyokuwa ikizunguka kwa mazoea tu,
mpaka ikachoka.
Uliporudi nikaanza upya, weupe, vitundu,
lakini mkono haukumbuki namba.
Safari hii vidole nikaviacha karibu na kuzama:
aliye mbali ataona kofia,
atakayesogea mpaka pumzi yake iguse karatasi,
huyo ataviona.

Mama hakusogea. Aliviona kutoka mlangoni,
viatu bado mkononi.
"Kumbe natokea!
Ungenambia, ningepaka hina."
Akaitazama picha, akanitazama mimi,
akaitazama ile mashine kama mtu atazamaye jiko la jirani.
"Si unaweza kunipaka humo humo?"

Waya niliurudisha kwa ajili ya ukweli.
Nilikuwa na hotuba nzima juu ya ukweli.

Nikakuza kucha mpaka zikawa miraba mitupu.
Nikatafuta wekundu, si huu, si huu,
ule wa siku ya tatu, unapoanza kuiva.
Mama akavuta kigoda.
Tukaanza na kidole cha pete.