Mkono Mtupu

Mkono mtupu haulambwi, husema.
Wangu ukiwa mtupu hupanda utosini,
huchagua unywele mmoja, ule mkavu, wa kukwaruza,
na kabla sijajua, umeshang'oka.

Mama alidhani ni mapunye. Akaninyoa, akanipaka mafuta ya taa.
Shangazi akasema ni jicho la jirani.
Mimi nilinunua vilemba.

Muuguzi Nafuna, pale Webuye, hakusema "acha."
Aliuliza: saa ngapi? Umeketi wapi? Mkono upi?
Akanipa daftari.
Jumanne, saa tatu usiku, nasahihisha hesabu za darasa la sita. Wa kushoto.
Nywele kumi na nne.
Sikuwahi kuzihesabu. Nililia; mkono ukapanda tena.
Kumi na tano.

Sasa naweka hindi kavu kando ya madaftari.
Mkono ukianza safari, naupa punje:
zinadondoka moja moja ndani ya sufuria.
Mukhwana hucheka: mke wangu, tutakula githeri mpaka Krismasi!

Jana nilishindwa. Tatu.
Nimeziandika.
Leo utosini kidole kimekuta kitu kifupi, kikali,
kama kidevu cha Mukhwana siku ya Ijumaa.
Nimekipapasa.
Nimekiacha.