Magunia Manane ya Mchanga

Orest alilala chali chini ya pikapu,
akahesabu majani ya springi kwa kidole chenye grisi:
matatu, na la nne la akiba, nene kama soli ya mwanajeshi.
"Hii imeundwa kubeba tani," akasema.
"Wewe unabeba nini?"

Jumamosi, marobota ya nyasi kavu
ya mzee Halvorsen, ng'ambo ya mfereji.
Mwezi ujao mbao, Mungu akipenda na benki ikikubali.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa
nampeleka mama hospitali, Medicine Hat,
kilomita mia na kumi kutoka hapa Brooks,
yeye na figo zake mbili zilizogoma.

Orest akafuta mikono.
"Mama ana kilo ngapi?"
Arobaini na sita. Pamoja na kilemba.

Basi hapo ndipo penye kesi.

Barabara Kuu huvimba kila kipupwe,
lami hutunga majipu pale maji yalipoganda chini yake,
na mama amekwisha kuyapa majina.
La kwanza, karibu na Tilley, ni Mtoza Ushuru.
La pili, Mke Mwenza.
Reli ya Suffield haina jina; pale hufumba macho tu,
mkono mmoja kwenye mpini wa mlango,
ule mwingine, wenye mshipa ulioshonwa na madaktari,
kaupakata kama kitu cha kuazima.
"Asukulu," huniambia, "gari hili linanichapa makalio
kana kwamba mimi ndiye niliyelikopea."

Binamu Wilondja ana gari laini.
Ukikaa humo unasinzia kabla ya taa za mjini.
Lakini siku tuliyolitia magunia sita ya mahindi
lilikaa kitako kama mbwa,
taa zikamulika nyota,
tukaenda nyumbani tunawaangazia malaika.

"Naweza kutoa jani moja," Orest akasema,
"au mawili. Mama atalala njia nzima.
Ila yule wa nyasi atakulipa nusu."
Nikamwambia nitafikiri.
Nikafikiri wiki tatu, nikalipa bili ya umeme,
nikaendelea kufikiri.

Kisha theluji.
Si kwa ajili ya mama, nisijisifu bure:
matairi ya nyuma yalikuwa yanacheza,
nikatupia juu ya ekseli magunia manane ya mchanga,
kilo thelathini kila moja, kama wanavyofanya wenyeji.

Debe tupu haliachi kutika.
Asubuhi ile lilinyamaza.
Tulipopita Tilley mama akafungua jicho moja.
"Mtoza Ushuru yuko wapi?"
Tumempita.
"Ameacha kazi?"
Suffield ilimkuta amelala, mdomo wazi,
kilemba kimemteremkia puani,
na mimi nikaendesha bila redio.

Sasa ni Mei. Wenzangu wamekwisha mwaga mchanga wao.
Wangu upo. Mafuta yanakwenda, ndiyo, najua,
na gunia moja limepasuka pembeni,
mbegu za Halvorsen zimeota humo, kijani chembamba.
Jumamosi alfajiri nayashusha yote manane kupisha nyasi.
Jumapili usiku nayarudisha, moja moja,
na mgongo wangu, ambao Orest hajaukagua,
unalia kidogo: krii.