Theluthi Mbili

Mlangoni pa babu Yerko watu hubisha hodi bure.
Miaka thelathini na mmoja kwenye mashine ya kugandamiza sufu
ilimwachia mikono minene na masikio yasiyo na kazi.
Hubisha, husubiri, upepo wa Punta Arenas
ukiwasukuma ubavuni, mwishowe huingia tu,
humgusa bega, naye huruka kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

Nimechoka kumwona akiruka.

Nikanunua chipu nyeusi ya miguu minane,
ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba,
kapasita ya mikrofaradi kumi, resista tatu,
taa nyekundu, betri ya volti tisa.
Kanuni yake naipenda: haba na haba,
ila kibaba hiki hakiruhusiwi kujaa.
Chaji ikifika theluthi mbili, chipu inaimwaga;
ikishuka hadi theluthi moja, inaacha ijae tena.
Jaza, mwaga. Washa, zima.
Mara moja kwa sekunde, kwa hesabu yangu
nyuma ya risiti ya mkate.

Jumamosi usiku, mezani jikoni,
taa haikuwaka.
Nikageuza taa. Nikageuza betri.
Nikailaani chipu, nikamlaani aliyeniuzia.
Mita ikaniambia: volti tisa mwanzoni mwa ubao,
sifuri nusu ya pili.
Mstari mwekundu umechorwa moja kwa moja,
kumbe chuma chini yake kimekatwa katikati.
Rangi ilinidanganya; nikaziba pengo kwa waya mfupi,
kisha jasho likanitoka: betri ile niliyoigeuza!
Pengo lilelile lililonikwamisha
ndilo lililoiokoa chipu isiungue.

Ikawaka.
Ikabaki imewaka,
haipepesi, jicho la samaki sokoni.

Niliposusa na kugeuka kuchukua kikombe,
pembeni mwa jicho langu taa ikaacha mkia,
vipande vipande vyekundu.
Nikatikisa kichwa kama mbuzi mwenye nzi sikioni.
Vipande tena.
Basi inapepesa, tena mbio,
mbio asizoziona mtu anayeikodolea macho.

Huku jua la Juni huchomoza karibu saa nne asubuhi.
Nikapeleka resista dirishani:
bluu, kijivu, hudhurungi.
Usiku, chini ya balbu ya manjano,
hudhurungi na chungwa ni mtu na nduguye.
Nilitaka omu elfu sitini na nane,
nimechomeka mia sita na themanini.
Nikabadilisha, nikashika pumzi.
Ikawaka. Ikazima.
Ikawaka.

Mlangoni nikabandika kadi juu ya kitufe:
BONYEZA. SHIKILIA. ATAONA.

Wa kwanza alikuwa doña Eduvina Oyarzo,
na sahani ya mikate ya viazi chini ya kitambaa.
Alishikilia kwa nguvu, kidole kikawa cheupe.
Ndani, juu ya kabati la vikombe, taa ikaanza.
Babu akaliweka gazeti chini.
Kidole chake kikagonga meza, taa na kidole,
taa na kidole, sijui alikuwa wapi,
labda kwenye sufu.

Kisha akageukia mlango, bila kuruka,
akauliza kwa sauti iliyotikisa sahani rafuni:
«Nani?»
jibu ambalo hatalisikia.