Kipande cha Kupimia Mwanya

Miaka tisa baraza yetu ya mbao ilizungushiwa kamba ya manjano,
nguzo hadi nguzo, kama bendeji kiunoni mwa mgonjwa.
"Jumamosi," alisema Eino. Jumamosi zikaja, zikaenda
kuvua samaki chini ya barafu, hazikurudi na msumeno.
Kisha ikaja Jumamosi moja, ikamchukua na yeye.

Mwezi wa tano mkwe wangu akapiga simu kutoka Winnipeg:
Aila ameanza kutembea, Mama,
hatuji mpaka pawe na kinga.
Hakusema kwa ubaya. Toka sakafuni hadi kwenye miiba ya rasiberi
ni mita moja na nusu. Niliwahi kuiruka, enzi nina magoti.

Basi nikanunua mwerezi. Vijiti sitini na vinne,
vinanukia kama kabati la bibi yangu.
Na kwenye droo yake, kati ya ndoana na risiti zilizofifia,
nikakuta kipande cha mbao, kimepigwa randa pande zote,
kimeandikwa kwa penseli: MWANYA. USITUPE.

Nikakaa kitako pale karakana.
Kumbe ulianza.
Kumbe katika Jumamosi mia nne na ushei
ipo moja uliyoitolea jasho.

Kijiti, kipande, kijiti. Pimamaji ikatulia,
tone lake la hewa katikati kama mboni ya mtu aliyekubali.
Keekee ikatoboa, skrubu ikazama. Kijiti, kipande, kijiti.
Nilikuwa nimefika cha kumi na tisa
mvua ya ziwani iliponifukuza ndani.

Asubuhi akaja Bwana Delorme wa manispaa,
mpole, ana mafua, ana tufe la mbao mfukoni.
Sheria ni sentimita kumi, akasema,
hiki ni kichwa cha mtoto.
Akalisukuma taratibu. Likapita.
Akajaribu tena. Likapita, likamponyoka,
likatumbukia kwenye rasiberi.

Kumi na mbili. Kipande chako, Eino, ni kumi na mbili!

Niliyoyasema sitayarudia. Majirani wawili walifunga madirisha.
Nikang'oa skrubu moja moja, thelathini na nane,
nikikutukana kila bisibisi ilipozunguka,
na kwenye ile ya mwisho nikatambua
tangu mazishi nilikuwa nakusifu tu,
na sifa zilikuwa zimenikausha koo.

Nikakata kipande kingine, tisa na nusu.
Vijiti havikutosha; nikarudi dukani kuongeza kumi na viwili.
Chako kinazuia mlango wa karakana usibamizwe na upepo.
Sijakitupa.

Leo Aila kasimama kwenye reli, ngumi mbili, kijiti huku, kijiti huku,
paji la uso limegoma kupita.
Anapitisha mkono tu, wenye kijiko,
anakiachia kwenye miiba, anacheka,
ananitazama niende nikakilete.
Naenda. Ni cha nne hiki tangu asubuhi.
Nainama, nachomwa, napapasa chini ya majani,
nashika kitu cha duara, baridi, kimeota ukungu.