Dakika Ishirini

Gari likirudi Keko mgongoni mwa Fuso
tunalifungulia mpira wa maji hata kabla ya chai.
Vumbi jekundu la Iringa ndilo linalotangulia,
halafu la kijivu, la Monduli, lililojificha kwenye madigadi,
na mwisho kabisa, chini ya bati la kukingia injini,
mchanga wa Tanga, wa mwezi wa nne.
Yote yanaingia mtaro mmoja.
Kalenda yangu ndiyo hiyo.

Miaka tisa nalifuata gari hili.
Nimelala chini ya turubai Mafinga, baridi ikinitafuna magoti,
nimelala juu ya matairi Korogwe, mimi na mbu wao,
nimekula mayai ya kuchemsha kwenye stendi za nchi nzima
na najua ni wapi chumvi imechanganyika na mchanga.
Zamda kajifungua mara mbili, zote nikiwa njiani.
Wa pili nilimsikia akilia kwenye simu;
mkono mmoja simu, mwingine spana,
na Jagjit kwenye usukani ananiuliza, Vipi, imekaza?
Nikamjibu, Wa kike.

Sasa sikia jambo ambalo watu hawaliamini:
sijawahi kuliona likikimbia.

Fundi haendi porini. Fundi hungoja.
Unatandika turubai, unapanga spana kwa ukubwa,
unachora kwa chaki mahali pa kila gurudumu,
kisha unakalia ndoo na kutega sikio.
Linakuja likijikongoja, linanuka breki,
karani anabonyeza saa: dakika ishirini.
Dakika ishirini za mikono minane,
za Mligo chini ya tumbo la gari akitukana Kibena.
Rehani, msoma njia, hashuki hata kitini,
anakula ndizi na midomo bado inasoma:
kushoto tatu, mia, kulia mbili inafunga, usikate.
Halafu linaondoka.
Nabaki na sauti. Inapanda, inakatika, inapanda,
na humo ndani naisikia gia ya tatu ikilalamika,
kama mtu anayemjua mkewe kwa kikohozi.

Mwaka huu raundi ya mwisho ikatufuata sisi,
njia za mchanga huko nyuma ya Kigamboni, kwenye mikorosho.
Nikawa nyumbani na bado nikalala turubaini,
kilomita kumi na nane kutoka kitanda changu.
Zamda akavuka na pantoni, sufuria ya pilau kichwani,
watoto nyuma yake wakigombea soda moja.

Hidaya, yule wa kwenye simu, sasa ana miaka saba.
Akamng'ang'ania mdogo wake Mligo wakaenda hadi konani.
Akarudi jioni, uso wote vumbi, meno tu ndiyo yanaonekana.

Baba, gari lako linakwenda upande.

Upande vipi?

Upande, kama kaa. Halafu linanyooka.
Halafu kulikuwa na mbuzi, lakini alikimbia.

Nikaacha nilichokuwa nafanya.
Akachukua sahani yake ya pilau, tupu,
akaiburuta mchangani, akaikata kona, akaitupa mkia nje,
mdomo wake ukinguruma, mate yanaruka,
gia ya kwanza, ya pili,
na ilipofika ya tatu, Mungu ni shahidi yangu,
ikalalamika.

Tulimaliza wa nne. Mshindi alimwagiwa maji,
sisi tulifunga turubai.

Jumatatu, Keko, mpira wa maji mkononi,
Jagjit anasema tufungue gia boksi, kuna kitu hakipendi.
Namwambia naanza na ya tatu.
Hajaniambia bado ni ipi, ananitazama.
Kakwambia nani?

Mtu aliyeliona.