Doa la Tatu

Shangazi Cibalonza hapimi kwa gramu.
Anapima kwa vidole vitatu na kwa maswali:
Nani anaumwa? Amekula? Ana mimba?
Ukijibu harakaharaka anarudisha fungu guniani
na kukutazama kama uliyekuja kununua sumu.

Mubirizi wake hauchumwi kando ya barabara.
Ameupanda nyuma ya nyumba, kule Cimpunda,
ambako udongo huteremka kila masika
na kichaka kimoja huenda nao,
mwaka jana pamoja na choo cha jirani.

Mimi napima kwa gramu.
Gramu kumi za majani makavu, yaliyosagwa,
ethanoli mililita mia, siku mbili gizani,
kisha chujio, na maji ya kijani
yanayonuka kama kwapa la kinamasi.
Natia tone, kwa mrija mwembamba kuliko sindano,
kwenye bamba jeupe la silika,
nalisimamisha ndani ya kiyeyusho
na kusubiri uchungu upande ngazi.

Maana ndicho ninachokitafuta: uchungu.
Lugha yetu ina neno hilo moja
kwa ladha ya jani hili ulimini,
kwa mama anayejifungua saa nane usiku,
na kwa kile ninachokibeba tangu tumzike baba.
Kemia haikubali. Kemia inasema: tenga.

Basi natenga.
Chini ya taa ya urujuanimno madoa yanajitokeza:
juu kabisa klorofili, nyekundu kama kaa la moto,
chini yake, nadhani, flavonoidi, njano hafifu,
halafu la tatu

na hapo umeme ukakatika,
Nguba, Nyawera, Kadutu, mlima kwa mlima,
penseli ikiwa mkononi, doa halijawekewa alama.

Gizani nilimkumbuka baba, sukari ikimla mguu,
akinywa mubirizi asubuhi na jioni, kikombe kizima,
kwa sababu dada yake alimwambia
kichungu hula kitamu.
Hakikula. Au kilikula kidogo
na kitamu kikabaki kingi.
Insulini ilikuwepo kwenye friji ya hospitali,
na friji ilikuwepo kwenye giza kama hili.
Shangazi hajawahi kuniomba msamaha.
Ila tangu hapo mwenye sukari akifika mezani pake
hamuuzii. Anampa nauli ya pikipiki
na kumtajia jina la daktari.

Na yule msichana wa Jumanne,
gauni limembana, kitenge kimelegezwa makusudi,
homa tu, mama, nina homa tu.
Shangazi alimshika kifundo cha mkono,
akahesabu kitu ambacho sikukijua.
"Hili jani litakuletea uchungu kabla ya siku zake."
Neno lile lile.
Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimesoma, usiku uliopita,
kuhusu panya wenye mimba na dondoo la majani
na misuli ya uzazi iliyokaza ghafla.
Nilipomsomea, shangazi alitafuna karanga,
akauliza hao panya walikuwa na mimba ya miezi mingapi.

Wiki tatu, nikamwambia, ndizo zote walizo nazo.
Akacheka mpaka akakohoa.

Umeme ulirudi saa nne.
Doa la tatu lilikuwa palepale, buluu, dogo,
kama jicho la mtu aliyechoka kungoja.
Nikaandika daftarini umbali wake,
nikaandika rangi, nikaandika tarehe.
Kwenye nafasi ya jina sikuandika kitu.
Chini yake: rudia kwa majani mabichi,
yachumwe kabla jua halijatoka.
Kwa faranga elfu mbili fungu;
maabara, anasema, haiumwi,
kwa hiyo ilipe.